Matumbawe sugu kwa anayeanza: jinsi ya kuyafuga nyumbani kwenye tenki la maji chumvi

Matumbawe mengi yanayofia kwenye matenki ya wanaoanza hayafi kwa sababu namba za maji zilikuwa mbaya, yanakufa kwa sababu namba zilikuwa zinarukaruka. Leo chumvi imepanda, kesho mtu kamwaga ndoo nzima imeshuka, keshokutwa kaona tumbawe limefunga akalihamisha, jioni akaongeza dawa, wiki inaisha kila kitu kimegeuzwa afu anasema matumbawe hayafugiki. Yanafugika, tena yapo yanayovumilia sana tu, maji yakiwa na uchafu kidogo yanadunda, taa ikiwa ya kawaida yanadunda, ila hakuna hata moja linaloweza kuvumilia kusumbuliwa kila siku. Kwa hiyo hata pale nitakapotaja vipimo, ujue shabaha yenyewe ni kuweka mazingira ya kawaida kisha kuyaacha yatulie.

Kwanza ujue unafuga nini. Tumbawe ni mnyama, au tuseme kundi la wanyama wadogo wanaoitwa polipu walioungana, na ndani ya nyama yao unaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, unaitwa zuzantela. Huo mwani unapata mwanga, unatengeneza chakula, na sehemu kubwa ya hicho chakula inaenda kwa polipu. Ndo maana taa kwenye tenki la matumbawe si ya urembo, ni ya kulisha. Na ndo maana joto likipanda sana au mwanga ukibadilishwa ghafla tumbawe linautema mwani wake linabaki jeupe, na likishakuwa jeupe halijafa bado ila linashinda njaa, ukiliwahi linaweza kurudi.

Wafugaji wanayagawa matumbawe makundi matatu. Kuna laini, hayana mifupa ya mawe, haya ndo ya kuanzia. Kuna ya mawe yenye polipu kubwa, haya baadhi yake unaweza kuyafikia baada ya miezi michache. Na kuna ya mawe yenye polipu ndogo kama Acropora, hayo mwaka wa kwanza yaangalie kwenye picha tu.

Tenki na maji

Watu wanadhani tenki dogo ndo rahisi. Ni kinyume. Lita 20 zikipoteza maji kidogo kwa joto, chumvi inapanda siku hiyo hiyo, hita ikizidisha kidogo maji yanapata joto haraka, samaki mmoja akifa nyuma ya jiwe usijue maji yote yanaharibika. Kuanzia lita 80 hadi 150 hivi ndo pazuri kwa anayeanza, yaani maji ni mengi ya kutosha kukupa muda wa kugundua kosa kabla halijaua kitu, na bado siyo mengi ya kukuchosha siku ya kubadilisha.

Maji ya bomba usiyatumie. Hata kama wewe unayanywa na hayakudhuru, yanaweza kuwa na klorini, fosfati, silika na shaba, na hiyo shaba ndo mbaya kuliko vyote kwa sababu kiasi kidogo tu kinaua wanyama wasio na uti wa mgongo, yaani matumbawe, konokono, kamba, wote. Tumia maji yaliyopita kwenye mtambo wa RO/DI, ule wa kuchuja maji mpaka yabaki matupu, na kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kisome 0 au karibu kabisa na 0. Hapo hapo niseme na hili maana linasahaulika: dawa nyingi za kutibu samaki wa maji chumvi zina shaba, hazitakiwi kuingia kwenye tenki la matumbawe hata tone, na ukinunua tenki lililotumika uliza kama liliwahi kuwekwa dawa ya shaba, kwa sababu mawe yanaifyonza afu yanaiachia polepole.

Chumvi ni ile maalumu ya matumbawe inayouzwa kwenye maduka ya samaki, siyo ya jikoni. Changanya kwenye ndoo safi ambayo haijawahi kushika sabuni, weka pampu ndogo izungushe na hita ipashe, acha mpaka chumvi iyeyuke yote na maji yawe angavu kabisa, ni kama gramu 35 hadi 40 kwa lita kutegemea chapa lakini usiamini kijiko, pima. Unachotafuta ni uzito wa 1.025 hadi 1.026 ukilinganisha na maji matamu, au ukipenda 35 kwa elfu. Usimwage chumvi kavu kwenye tenki lenye viumbe, punje ikitua juu ya polipu inaunguza nyama.

Kifaa cha kupimia chumvi nunua refraktomita, na uisahihishe kwa ile maji maalumu ya 35 kwa elfu, maana ukiisahihisha kwa maji matupu inaweza kusoma 0 vizuri tu lakini huku juu ikakudanganya. Haidromita za plastiki zenye mshale zinakamata mapovu, inakupa namba tofauti asubuhi na jioni na maji ni yale yale.

Sasa sikiliza hapa vizuri, kwa sababu hapa ndo wengi wanapotelea. Maji yanapokauka, yanayoondoka ni maji tu, chumvi inabaki. Kwa hiyo unapojaza kilichopungua unajaza maji matamu ya RO/DI, siyo maji chumvi. Ukijaza maji chumvi kila siku, baada ya wiki kadhaa tenki linakuwa kali na wewe hujui kimetokea nini. Weka alama ya kalamu kwenye kioo, kila siku jaza mpaka kwenye alama. Kama una hela ya kununua kifaa kimoja tu cha ziada basi nunua kile cha kujaza maji chenyewe chenye kihisio, mi nakiweka juu kuliko skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu), juu kuliko taa ya gharama, kwa sababu kinafanya chumvi isicheze usiku na mchana na hicho ndo kitu matumbawe yanachokipenda kuliko chochote utakachowanunulia.

Tenki lipevuke kwanza

Weka mchanga, mawe, maji, pampu na hita, ila matumbawe bado. Bakteria wa kugeuza amonia kuwa nitriti, na wale wa kugeuza nitriti kuwa nitrati, wanahitaji muda wa kuzaliana kwenye mawe. Unawapa chanzo cha amonia, inaweza kuwa amonia safi ya chupa au kipande kidogo cha chakula, na chupa ya bakteria ukiwa nayo inasaidia, afu unapima. Mara nyingi inachukua wiki 4 hadi 6. Ukiona amonia 0 na nitriti 0 siku moja tu baada ya kuweka amonia, na nitrati imepanda, basi huo mzunguko wa bakteria umekamilika.

Mzunguko ukiisha usikimbilie dukani. Baada yake huwa unakuja ule unga wa kahawia unaofunika mchanga na mawe, ni diatomu, wanakula silika na wataondoka wenyewe. Baada yake mwani wa kijani. Hiki kipindi kinaudhi, kila mtu anataka kununua chupa ya kuua, achana nazo, weka konokono wachache, punguza saa za taa, subiri. Tumbawe la kwanza liingie pale ule unga wa kahawia umeanza kupungua na wewe umeshapima chumvi na joto wiki mbili mfululizo vikakaa pale pale.

Namba zenyewe ni hizi. Joto nyuzi 24 hadi 26 za sentigredi, ukichagua 25 basi iwe 25 asubuhi na 25 usiku. Alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, 8 hadi 10 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu 400 hadi 450 ppm (miligramu kwa lita), magnesiamu 1250 hadi 1350 ppm. Nitrati kama 5 hadi 15 ppm, fosfati 0.03 hadi 0.1 ppm. pH ikiwa kati ya 7.8 na 8.4 iache, usianze kuifukuza kwa dawa, mara nyingi ikiwa chini ni hewa tu ya chumbani imejaa kaboni dioksidi, fungua dirisha.

Umeona sijasema nitrati iwe 0. Maji yaliyosafishwa kupita kiasi yanayanyima matumbawe laini chakula, yanapauka, yanasinyaa, na pia nitrati na fosfati zikifika 0 kabisa ndo nafasi ya dinoflajeleti, ule ute wa kahawia wenye mapovu unaotanda kila mahali na kuutoa ni kazi ya miezi. Kwa hiyo ukiona mtu anafunga kila aina ya filta ya kutoa fosfati kwenye tenki la matumbawe laini mawili matatu, mwambie apunguze kasi.

Taa na mkondo

Taa za LED zenye bluu na nyeupe zilizotengenezwa kwa matumbawe zinatosha. Kipimo cha mwanga kinaitwa PAR, laini yanaridhika na 50 hadi 100, yale ya mawe yenye polipu kubwa 80 hadi 150 hivi. Kama huna kipimo, na wengi hatuna, anza taa ikiwa chini, tumbawe liwe chini kwenye mchanga, afu pandisha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mwanga mdogo unalifanya tumbawe lirefuke kutafuta juu na kuwa la kahawia, hilo unaweza kulirekebisha pole pole. Mwanga mwingi unaliunguza kwa siku chache tu. Kwa hiyo ukikosea, kosea upande wa mwanga mdogo. Saa 8 hadi 10 kwa siku zinatosha, na taa iwashwe na kuzimwa na taima, usiitegemee kumbukumbu yako.

Mkondo wa maji unaletea polipu chakula na unaondoa uchafu wake. Kwa laini, pampu za mawimbi zenye uwezo wa kuzungusha maji ya tenki mara 10 hadi 20 kwa saa zinatosha, zielekeze kwenye kioo au kwenye uso wa maji ili mkondo urudi umevunjika, usilipige tumbawe moja kwa moja. Angalia polipu: zinatakiwa kucheza huku na huku. Zikilala upande mmoja muda wote, mkondo ni mkali. Zisipotikisika kabisa na kuna uchafu umetua juu yake, mkondo ni mdogo.

Yapi uanze nayo

Mi mtu akiniuliza anunue tumbawe gani la kwanza namwambia uyoga, yaani jamii ya Discosoma na Rhodactis. Ni sahani bapa ya nyama iliyokaa juu ya jiwe, inataka mwanga mdogo, mkondo mdogo, na nitrati ikipanda kidogo haina habari. Inazaa yenyewe kwa kujigawa, au inahama inaacha kipande cha mguu nyuma kinakuwa uyoga mwingine. Tabu yake moja ni kwamba haishiki kwa gundi, inatoa ute inateleza inapeperuka na maji. Kipande chake kiweke kwenye kikombe kidogo chenye vipande vya mawe, funika kwa wavu, kiweke sehemu yenye maji ya utulivu, baada ya wiki moja au mbili utakuta kimejishika kwenye jiwe, hapo unalibandika hilo jiwe.

Matumbawe ya ngozi, tunayaita ngozi tu, nayo ni mazuri sana, hasa Sarcophyton yenye kichwa kipana na shina, na Sinularia yenye vidole. Zinakua kubwa, zinafunguka vizuri, zinasamehe. Ila jua mapema kwamba Sarcophyton kila baada ya muda inafunga polipu zote, inang'aa kama imepakwa nta, inakaa hivyo siku kadhaa na wakati mwingine hadi wiki mbili, afu inavua ngozi nyembamba na kufunguka upya. Hiyo ni kawaida yake. Watu wengi wanaitupa hapo. Isaidie tu kwa kuiongezea mkondo kidogo ili ile ngozi ipeperuke.

Nyota za kijani, Briareum, ni zulia la zambarau lenye polipu za kijani kibichi, ukiliwekea mwanga na mkondo linatambaa kila upande. Halina ugonjwa wa kukutisha ila halina adabu, linapanda juu ya mawe na juu ya matumbawe mengine. Liweke kwenye jiwe lake peke yake katikati ya mchanga, au libandike kwenye kioo cha nyuma lijaze ukuta, linapendeza kweli. Xenia nayo ni hivyo hivyo, ile inayofungua na kufunga mikono muda wote, unaweza kukaa unaitazama mpaka ukasahau ulichokuja kufanya, lakini ikishapenda tenki lako inaenea kila mahali, kwa hiyo nayo ipe kisiwa.

Zoa, yaani Zoanthus na Palythoa, zina rangi za kila aina na zinakua haraka, ila hapa simameni kidogo tuongee usalama. Baadhi yao, hasa Palythoa, wana sumu inayoitwa palitoksini na ni moja ya sumu kali zinazojulikana. Kuziangalia hakuna shida, kuziweka kwenye tenki hakuna shida, shida ni kuzikata, kuzisugua, kuzipasha moto. Vaa glavu, vaa miwani ya kuzuia maji yasiruke machoni, usizishike ukiwa na kidonda, nawa mikono ukimaliza. Na usije hata siku moja ukachemsha mawe yenye zoa au kuyapiga maji ya moto au mashine ya presha ili kuyasafisha, mvuke wake umeshalaza familia nzima hospitali. Ukipata ladha ya ajabu ya chuma mdomoni, homa, kutetemeka, misuli kuuma au kupumua kwa shida baada ya kushughulika nazo, toeni watu wote na wanyama kwenye nyumba, nendeni hospitali, na mtaje hilo jina palitoksini kwa sababu daktari anaweza asiwaze habari za tenki la samaki. Nyumba yenye watoto wadogo wanaopenda kuchokonoa, mi naona bora uanze na uyoga na ngozi, zoa zisubiri.

Tenki likifikisha miezi minne mitano limetulia, unaweza kujaribu ya mawe yenye polipu kubwa. Duncanopsammia, wengi wanaiita dankani, ndo mlango mzuri, vichwa vyake vinakula vizuri na vinakuonyesha wazi vikiwa na furaha au vimechukia. Caulastraea nayo ni mvumilivu. Halafu jamii ya Euphyllia, warembo kweli, ila wana mikono mirefu ya kupigania inayotoka hasa usiku na kumuunguza jirani, waachie nafasi ya sentimita 15 pande zote.

Ya kukwepa hata muuzaji akisifia: Goniopora, maana nyingi zinapendeza miezi ya mwanzo afu zinafifia taratibu. Tubastraea, lile la machungwa, halina zuzantela kabisa, kila kichwa kinataka kulishwa kwa mkono. Dendronephthya pia halitumii mwanga, na wenye uzoefu mkubwa linawashinda. Na anemoni, ndugu wa tumbawe wa nyama tupu, siyo ya kuanzia, inatembea, inaingia kwenye pampu, ikisagika inachafua tenki zima.

Kuchagua na kuleta nyumbani

Nunua vipandikizi vilivyokuzwa kwenye matenki, siyo vilivyong'olewa baharini. Vilivyozaliwa kwenye tenki vimeshazoea taa na maji ya aina yako, na bahari inabaki na vyake. Na usivunje mwenyewe ufukweni, ukiacha kwamba sehemu nyingi ni kosa kisheria, matumbawe yote ya mawe yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuyavusha mpaka bila vibali ni kosa.

Dukani angalia polipu zimefunguka, nyama haijaachana na mfupa, hakuna ute wa kahawia wala harufu ya kuoza. Angalia pia wageni wasioalikwa, hasa Aiptasia, anemoni ndogo ya kahawia inayopenyeza mwanga, ikiingia tenkini inazaliana kuliko mwani. Muulize muuzaji limekaa hapo muda gani na liko chini ya taa gani. Lililokaa wiki tatu limefunguka ni bora mara nyingi kuliko zuri lililoshuka jana.

Ukifika nyumbani, zima taa au ipunguze. Mfuko uelee kwenye tenki dakika 15 hadi 20 joto lilingane, afu dondoshea maji ya tenki kidogo kidogo kwa nusu saa hivi. Kisha lioshe kwenye bakuli lenye maji ya tenki na dawa ya kuogeshea matumbawe, fuata vipimo vya kwenye chupa, litikise, utashangaa yatakayodondoka: minyoo bapa, konokono wanaokula zoa, hata kaa wadogo. Suuza kwenye bakuli la pili, na maji ya bakuli zote mbili na ya mfukoni yamwage, yasiingie kwenye tenki. Ikiwezekana livue kutoka kwenye plagi, kile kijiwe kidogo cha kubandikia, lililokuja nayo ulibandike kwenye mpya, kwa sababu mayai ya wadudu dawa haiyaui na mengi yanakuwa pale chini.

Kubandika tumia supaglu ya jeli, ile ya sayanoakrilati, haina madhara ikishashika, inashika hata kwenye maji. Lakini wiki mbili za kwanza acha tu plagi ikae kwenye mchanga au kwenye rafu ya sumaku, uone kama limependa kabla hujaligandisha.

Na likishapata sehemu, LIACHE. Tumbawe jipya linaweza kufunga siku mbili, tatu, hata wiki. Kulihamisha kila siku ni sawa na kung'oa mche kila asubuhi uone kama umeota mizizi, maana kila unapolihamisha linaanza upya kuzoea mwanga na mkondo. Mi nawapa watu sheria ya wiki mbili, ndani ya hizo wiki usiliguse isipokuwa unaona nyama inayeyuka au linapigwa na jirani.

Kulisha, na kusoma dalili

Laini hayahitaji kulishwa moja kwa moja, samaki wako wakila na kunya yanapata ya kwao. Dankani na Euphyllia unaweza kuwapa kipande kidogo cha kamba aina ya maisisi mara moja au mbili kwa wiki, pampu zimezimwa dakika 10 ili washike. Vipande viwe vidogo, kikubwa watakitapika usiku kioze.

Likifunga ghafla, kabla ya kugusa chochote pima kwa mpangilio huu: chumvi, joto, alkaliniti, afu nitrati na fosfati. Mara nyingi jibu liko kwenye viwili vya mwanzo. Vikiwa sawa angalia kama samaki au kaa analidonoa, kama kuna mwani umelizonga, kama jirani mpya kawekwa karibu. Ngozi zinatoa kemikali majini za kukandamiza matumbawe mengine, kwa hiyo ukichanganya ngozi na ya mawe kwenye tenki moja weka mkaa wa kuchujia na ubadilishe kila mwezi. Ukikuta kitu cha kurekebisha, rekebisha kimoja, polepole. Chumvi ikiwa imepanda mpaka 1.029 usiishushe kwa saa moja, ishushe kwa siku mbili tatu. Alkaliniti isisogee zaidi ya nusu hadi 1 dKH kwa siku.

Samaki chagua wapole, klauni, kardinali, gobi. Vipepeo, malaika wakubwa na triga watakula au kudonoa ulichonunua.

Kazi ya kila wiki

Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki, mapya yawe na joto na chumvi sawa na ya tenki. Kwa tenki la laini hiyo peke yake inarudisha kalsiamu na vingine vyote, huna haja ya machupa ya kuongezea. Ukianza kuwa na ya mawe mengi yanayokua, pima alkaliniti kila siku kwa wiki moja uone inashuka kiasi gani, ndo uanze kuongezea, na usiongeze kitu chochote usichokipima. Safisha kioo, safisha kikombe cha skima kama unayo, osha soksi ya filta, basi. Daftari dogo la kuandika vipimo linasaidia kuliko unavyofikiri, maana namba moja haikuambii kitu, namba nane zikifuatana zinakuambia maji yanaelekea wapi.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa oksijeni, baridi inakuja baadaye. Kuwa na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe, au hata chukua jagi uchote maji na kuyamwaga kutoka juu kila baada ya muda. Usilishe. Tenki lifunike kwa blanketi kama kuna baridi, lakini acha nafasi ya hewa juu. Na waya zote za tenki ziachie mkunjo unaoning'inia chini ya soketi ili maji yakitiririka kwenye waya yadondokee sakafuni yasiingie kwenye umeme.

Baada ya miezi utaona uyoga mmoja umekuwa watano na ngozi imegusa uso wa maji. Hapo unaweza kukata. Kwa Sarcophyton au Sinularia tumia wembe mpya, glavu na miwani, litoe tenkini uliweke kwenye bakuli la maji ya tenki ukatie humo, suuza ute, kishone au kifunge kwa mpira laini kwenye jiwe dogo kwa sababu gundi kwenye ngozi inaponyoka, kiweke kwenye mkondo wa wastani. Tumbawe mama linafunga wiki moja hivi, kipande kinaweza kuchukua wiki mbili tatu kushika. Siku hiyo badilisha mkaa wa kuchujia maana ngozi iliyokatwa inatoa kemikali nyingi, na usimpe mtu hicho kipande mpaka kimeshika jiwe chenyewe na polipu zimetoka zote.